Jicho la Kushoto la Mama Mkubwa

Sunchang, 2 Novemba 1993

Yun-ok,

Nyumbani wote wazima isipokuwa mmoja, naye nitamfikia. Baba yako mkubwa anakohoa kama kila mwaka baridi ikianza, na kama kila mwaka hataki kuvaa soksi. Pilipili zimekauka vizuri, mvua ilitupisha. Mitungi ya rojo la pilipili ya mwaka jana imebaki kumi na minne tu, na wateja wa Gwangju wameanza kuulizia ya mwaka huu. Mdogo wako Tae-sik kachumbia. Binti ni mwalimu, wa Jeonju, anaitwa Hye-ran, mrefu, ana meno mazuri. Baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu, anayezungumza kana kwamba anasoma gazeti. Harusi ni Jumapili tarehe 24 Aprili, huko huko Jeonju. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa.

Huyo mmoja asiye mzima ni mimi.

Tarehe 12 Oktoba niliamka, nikanywa maji, yakamwagika yote kifuani. Nikadhani kikombe kimepasuka. Baba yako mkubwa akanitazama akasema, "Geum-rye, mbona unanifanyia uso huo asubuhi asubuhi?"

"Uso gani?"

"Huo."

Nikaenda kwenye kioo. Upande wote wa kushoto ulikuwa umelala. Nyusi imeshuka, jicho halifumbi, mdomo umevutwa kulia kama mtu kaufunga kamba. Nikasema hiki ni kiharusi, nakufa na mtoto hajaoa. Daktari wa Namwon kasema si kiharusi, mikono na miguu mizima, ni mshipa wa uso umevimba, akanipa vidonge vya siku kumi. Mganga wa sindano naye kanichoma kila siku mpaka nimekuwa kama kile kimto cha fundi cherehani. Wiki tatu sasa, hakuna kilichosogea hata unywele.

Simu siwezi. P na B zinanitoka pembeni kama upepo. Juzi nilimpigia mteja akanikatia, kadhani ni mlevi.

Wewe hospitali inakulipa kwa kushikashika nyuso za watu. Niandikie la kufanya, moja baada ya jingine, nataka uso wangu kabla ya tarehe 24 Aprili. Kuja usije. Majirani wana midomo, na nyumba moja haihitaji nyuso mbili za kuzungumziwa.

Mama yako mkubwa,
Ma Geum-rye


Incheon, 17 Novemba 1993

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata tarehe 5, nisamehe kwa kuchelewa. Pole sana kwa maradhi. Baba Mkubwa mwambie avae soksi. Tae-sik nampa hongera, na huyo Hye-ran namkaribisha kwenye ukoo.

Hapa upepo wa bandarini umeanza kukata masikio. Nimehama, sasa nakaa ghorofa ya tatu juu ya duka la tambi, nguo zangu zote zinanuka supu. Kazini tuko wanne kwenye idara ya viungo, na waliopooza uso wanaletwa kwangu wote. Mkuu wetu anasema hutulia wakiniona. Hajasema kwa nini, nami sijamwuliza.

Ya kufanya ni haya. Kwanza jicho, kwa sababu jicho lisilofumba hukauka na linaweza kupofuka: tia matone mchana, na ukilala lifunge kwa plasta. Kisha chovya taulo kwenye maji ya moto, kamua, weka shavuni dakika kumi. Halafu kanda kwa vidole kutoka kidevuni kwenda juu mpaka sikioni. Ukimaliza kaa mbele ya kioo. Pandisha nyusi. Kunja pua kama umenusa kitu kilichooza. Fumba macho. Tabasamu. Jaza mashavu hewa. Piga mluzi. Fanya hivyo kila siku, asubuhi na jioni.

Kuja nisingeweza hata kama ungetaka. Nafasi sina.

Yun-ok


Sunchang, 6 Desemba 1993

Yun-ok,

Tumemaliza kuchachusha kimchi ya majira ya baridi, kabichi mia na ishirini, mgongo umeninunia. Gop-dan wa nyumba ya pili alikuja kusaidia, na mdomo wake akaja nao. Kaniangalia nikipaka pilipili akasema, "Geum-rye, leo unacheka nini?"

Nikamwambia sicheki, huu ndio uso niliobaki nao.

"Basi afadhali," akasema, "maana ule wa zamani haukuwahi kucheka."

Wanawake sita wakaangua kicheko juu ya kabichi zangu. Baba yako mkubwa naye alikuwa uani anachimba shimo la mitungi, nikamsikia anacheka mle shimoni. Siku hiyo supu hakuiona.

Mazoezi nafanya. Wewe umesema asubuhi na jioni, mimi naongeza adhuhuri, na kila nipitapo mbele ya kioo. Mia mbili kila zoezi. Nakunja uso mpaka mishipa ya shingo inasimama na jasho linanitoka kwenye baridi hii. Nilizaa bila mkunga, sitashindwa na shavu.

Kuna jambo sikukuandikia mara ya kwanza. Nusu ya ulimi haina ladha. Upande wa kushoto ukiniwekea pilipili ni sawa na kuniwekea karatasi. Miaka thelathini na mmoja kila mtungi unaotoka hapa nimeuonja mimi, na watu wanakuja kutoka Gwangju kwa ajili ya ulimi huu. Sasa namwonjesha baba yako mkubwa, ambaye kwake yeye kila kitu ni kitamu hata gundi. Wateja hawajui. Usimwambie mtu.

Sasa swali. Gop-dan kaniazima mashine aliyouziwa gulioni kwa ajili ya goti la mumewe. Ina nyaya mbili zenye mpira unaobandika shavuni, ukiiwasha shavu linaruka kama chura kwenye ndoo. Muuzaji anasema inauamsha mshipa. Nimeitumia siku tisa. Je, ni nzuri au mbaya? Na nguvu ninayotia kwenye mazoezi, ni sawa au nimekosea? Hayo mawili nijibu, mengine acha.

Mama yako mkubwa


Incheon, 29 Desemba 1993

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nawatakia mwaka mwema. Theluji imeanguka siku nne mfululizo, na mzee wa duka la tambi ameteleza mlangoni kwake akavunja mkono. Sasa mke wake ndiye anayepika, na tambi zimekuwa nzuri zaidi, ila hakuna anayethubutu kumwambia mzee.

Nilikuwa na mgonjwa, dereva wa teksi, aliyepooza uso mwezi uleule wako. Wiki ya sita mdomo wake ulirudi mahali pake, wote, kama haukuwahi kutoka. Ameniletea kikapu cha machungwa.

Nimefurahi kusikia bidii yako. Wagonjwa wangu wengi ni wavivu. Ladha ya ulimi mara nyingi hurudi yenyewe, vuta subira. Endelea kama unavyofanya.

Barua ni fupi, naitwa.

Yun-ok


Sunchang, 8 Februari 1994

Yun-ok,

Keshokutwa ni mwaka mpya wetu. Nimepika supu ya vibanzi vya mchele na nimepanga meza ya mababu. Jina la mama yako nimeliweka mahali pake, usiseme nimelisahau. Mdogo wangu yule alikuwa hapendi supu hii, lakini wafu hawachagui.

Hukunijibu kuhusu mashine. Nimechukulia kwamba kukaa kimya ni kukubali.

Na uso umeanza kurudi! Tarehe 21 Januari nilikuwa mbele ya kioo napiga huo mluzi wako usiolia, nikaona pembe ya mdomo, ile ya kushoto, imetikisika. Nikavuta tena, ikatikisika tena. Nikamwita baba yako mkubwa.

"Njoo uone!"

"Nione nini?"

"Mdomo, mzee! Mdomo!"

Alitazama mara tatu. Kisha akaketi sakafuni akafuta macho kwa kitambaa cha mezani. Miaka thelathini na mitatu ya ndoa sijawahi kumwona akifanya hivyo, hata alipomzika mama yake. Siku hizi nikifumba jicho linafika karibu nusu. Ladha nayo imeanza kuja kwa mbali. Kwa hiyo mazoezi yako si ya bure. Hayo nimeyasema, yatoshe.

Sasa harusi. Vazi langu la hanbok ni la bluu, kama linavyompasa mama wa bwana harusi, fundi amelishika tayari. Utakuja, utakula. Lakini ikifika zamu ya picha ya ukoo, wewe utakuwa kwenye meza ya mlangoni ukipokea waliochelewa. Ukoo wa Hye-ran una watu wa maana, na picha hiyo itatundikwa ukutani kwao miaka hamsini. Mdomo wako wameushona vizuri huko Seoul, sikatai, lakini aliyezaliwa na mdomo wa sungura anajulikana tu. Unanielewa, tusipoteze wino.

Mama yako mkubwa


Incheon, 25 Februari 1994

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Nimekuelewa kuhusu picha.

Nimefurahi kwamba uso umeanza kusogea. Sasa ndipo pa kukaza. Ongeza nguvu. Vuta mdomo mpaka mwisho wake, na wakati huohuo fumba jicho kwa nguvu zako zote, vyote kwa pamoja, mara mia tatu. Mashine ipandishe. Zimebaki wiki nane.

Baba Mkubwa nampa pole ya kikohozi.

Yun-ok


Sunchang, 21 Machi 1994

Yun-ok,

Wazima. Mabonge ya soya yameshaingia kwenye maji ya chumvi. Tae-sik kakonda kwa mahangaiko ya harusi.

Kuna kitu hakiendi sawa. Nikitafuna, jicho la kushoto linafumba lenyewe. Nikisema neno lenye U, linafumba. Nikitabasamu ndiyo kabisa, linajifunga kama mlango wa duka, na shingo inakaza upande huo kama kamba ya kuanikia nguo. Zamani lilikuwa halifumbi nikitaka, sasa linafumba nisipotaka. Mazoezi nimefanya mia tatu kama ulivyosema, na mashine nimeipandisha mpaka namba ya saba.

Hii ni hatua ya kupona, au ni nini? Nijibu upesi.

Mama yako mkubwa


Sunchang, 2 Aprili 1994

Yun-ok,

Sijapata jibu. Labda posta. Jana Hye-ran na mama yake walikuja kula. Nilikula ubavu mmoja wa nyama kwa saa nzima ili jicho lisionekane, nikakaa kimya kama bubu. Mama yake kasema, "Mama wa bwana harusi ni mpole sana." Baba yako mkubwa akapaliwa na wali.

Niandikie niache au niongeze. Neno moja linatosha.

Mama yako mkubwa


Sunchang, 14 Aprili 1994

Yun-ok,

Siku kumi zimebaki. Nimempigia simu mwenye duka la tambi, namba nilipewa na Tae-sik. Mwanamke kasema upo, mzima, jana umekula bakuli mbili.

Geum-rye


Sunchang, 3 Mei 1994

Yun-ok,

Hapa wazima. Miche ya pilipili tumeipanda. Wali na nyama vya harusi vilitosha, na waliokula watu mia tatu hawakuugua. Wewe hukuja. Kwenye kiti chako alikaa mume wa Gop-dan na goti lake.

Nitakusimulia yote, kwa sababu nadhani ungependa kuyasikia.

Niliamka nikaapa sitatabasamu. Mpaka viapo vya maarusi vikaisha, uso ulikuwa mkavu kama ubao, na watu wakanongʼona kwamba mama mkwe hamtaki binti. Tae-sik akaja akaniinamia, "Mama, onyesha furaha kidogo." Nikamwonyesha. Jicho likafumba. Mbele yangu alikuwa ameketi yule mwalimu mkuu mstaafu, baba wa Hye-ran. Nikamwona anageuza shingo kutazama nyuma yake, ajue ni nani ninayemkonyeza.

Dada yake akasema, na si kwa sauti ndogo, "Kaka, huyu mama anakukonyeza wewe!"

Baba yako mkubwa alikuwepo, Yun-ok. Wazee wenzake walikuwepo. Meza nzima ilicheka mpaka mtu akamwaga pombe ya mchele.

Kisha picha. Mpiga picha mmoja mwembamba, mwenye kelele. "Mama wa bwana harusi, jicho!" Nikafungua. "Tabasamu, mama!" Nikatabasamu. "Jicho, mama, jicho! Tunapiga picha, hatukonyezi!" Vicheko. Mara ya tatu, mara ya nne. Watu thelathini wamesimama na viatu vya kubana wananisubiri mimi na jicho langu. Mara ya sita Tae-sik akashuka kwenye jukwaa. Nilidhani anakuja kunishika mkono. Akaniambia kwa upole, "Mama, simama nyuma ya mjomba wake Hye-ran. Ni mrefu."

Picha imeletwa juzi. Kuna mjomba, na nyuma ya bega la mjomba kuna nywele. Hizo nywele ni mimi.

Wiki iliyopita Hye-ran kanipeleka hospitali ya Jeonju bila Tae-sik kujua. Ni binti mwema kuliko nilivyotaka awe. Mtaalamu wa viungo, mama mmoja mfupi mwenye miwani, kanishika shavu kidogo tu akaondoa mkono.

"Nani alikufundisha mazoezi haya?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ameuharibu uso huu. Nguvu hizi, mashine hii. Mshipa ukiota upya unatakiwa ubembelezwe. Ukilazimishwa, unashika njia zisizo zake, wa mdomo unakwenda machoni. Nani?"

Nikamwambia ni muuza mashine, gulioni.

"Huyo muuza mashine afungwe," akasema.

Nikasema ndiyo, afungwe.

Hye-ran alikuwa ananitazama. Sijui anajua nini. Mimi nilijua tangu Aprili, jibu lilipokosa kuja, kwamba madhara yametoka kwako, maana wewe tangu mtoto ukikosea huwa hubishi, unanyamaza. Ninachotaka kujua ni kama ulikosea au ulikusudia. Miaka tisa umeshika nyuso za watu. Niandikie wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Ma Geum-rye


Incheon, 19 Juni 1994

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mvua za Juni zimeanza, ukuta wangu una ukungu mpaka juu. Barua hii nimeianza mara nyingi, ndiyo maana imechukua wiki sita.

Sikukosea.

Kila mgonjwa wa uso, kabla hajaketi, namwambia maneno yaleyale: polepole, kidogo, kama unamwamsha mtoto mchanga. Ukitia nguvu, mdomo utaanza kulivuta jicho. Nawakataza mashine zote. Maneno hayo naweza kuyasema nikiwa usingizini. Barua ya Novemba niliiandika mara tatu. Katika zile mbili za mwanzo maneno hayo yalikuwemo. Katika ya tatu, niliyoitia posta, hayakuwemo. Nilijiambia akiuliza nitamjibu. Ukauliza, sikujibu. Na ile ya Februari hakuna cha kuielezea, kila neno lilikuwa sumu na nilijua ni sumu, nikalamba bahasha nikaenda kazini.

Nataka ujue kilichokuwa kichwani mwangu. Si lawama, wala sitafuti kuhurumiwa. Babu alipotimiza miaka sitini nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mpiga picha alitoka Jeonju. Mlipokuwa mnajipanga uliniambia, "Yun-ok, panda paani ukaangalie pilipili zisiliwe na ndege." Nikapanda. Ilikuwa Februari, Mama Mkubwa. Hakukuwa na pilipili paani, kulikuwa na barafu. Nilijua, na wewe ulijua kwamba najua, na nilikaa mpaka nikasikia mnapiga makofi. Tangu nilipofika kwako nina miaka minane baada ya mama kufa, mpaka nilipoondoka nina kumi na minane, mteja akibisha hodi ulisema neno moja tu, "Nyuma." Nilikuwa nakwenda nyuma ya mitungi. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Madaktari wa kupasua midomo walipopita Sunchang kutoa matibabu bure, ulisema kisu hakitanipa uso mwingine. Nikajishonesha mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na miwili.

Niliposoma barua yako ya picha ya harusi, ile ya Februari, sikuona hasira. Nilichukua kalamu kama mtu anayechukua kijiko. Hilo linanitisha kuliko kosa lenyewe.

Na niliposoma ile ya Mei uliyosimulia harusi, nilicheka. Nilicheka peke yangu chumbani. Kesho yake nikacheka tena kazini, nimeshika shavu la mama mmoja muuza samaki, akaniuliza, "Dada, kuna nini usoni pangu?" Nikaondoa mikono shavuni pake. Tangu siku hiyo silali vizuri, lakini sikwambii hilo ili unihurumie.

Acha mashine. Acha mazoezi yote. Uso huo hautarudi ulivyokuwa, ila unaweza kulegezwa. Inataka mikono ya mtu anayejua, na subira ya mwaka au zaidi. Mama wa Jeonju anaweza. Mimi pia naweza. Agosti nina likizo ya siku saba. Ukikubali nitakuja. Ukikataa nitaelewa.

Yun-ok


Sunchang, 15 Julai 1994

Yun-ok,

Joto la mwaka huu halijapata kutokea, kuku wanne wamekufa wamesimama. Baba yako mkubwa analala mchana kutwa na taulo bichi kichwani. Hye-ran ana mimba. Kila asubuhi anatapika, na akimaliza kutapika ananionjea mitungi, ana ulimi mzuri. Wateja wanampenda. Wanamwuliza, "Yule mama yuko wapi?" anawaambia nimepumzika.

Barua yako nimeisoma. Kisha nimemsomea baba yako mkubwa, kwa sababu macho yake hayaoni maandishi madogo. Alisikiliza mpaka mwisho akaenda kukaa uani, na mpaka leo haniongeleshi. Kwa hiyo umepata na hilo.

Unangoja niseme nilikuficha kwa mapenzi, watu wasikucheke. Sitasema. Nilikuficha kwa sababu mteja mjamzito alikuona akageuka akaondoka, akasema hawezi kununua chakula kwenye nyumba hii mtoto wake asije akazaliwa hivyo. Wakafuata wengine. Nilikuwa na mitungi na mtoto wa marehemu, nikaamua vyote viishi, kimoja mbele kingine nyuma. Ya paani ni kweli. Nilikuona kutoka chini, ulikuwa umejikunyata kando ya bomba la moshi, na nikawaambia watu watabasamu. Picha ile ninayo sandukuni. Mimi ndiye ninayetabasamu kuliko wote.

Hayo nimeyajua miaka ishirini. Hukunifundisha kitu kipya.

Lakini mimi nilimfanyia hivyo mtoto mbele ya macho yake, na alijua ni nani anayemfanyia. Wewe ulinifanyia na shikamoo juu. Kila asubuhi nilikaa mbele ya kioo nikahesabu mia tatu, na nikihesabu nilikuwa nasema, huyu mtoto, pamoja na yote, ananisaidia. Nilianza kukuombea. Jina lako nililitaja kwenye meza ya mababu, mbele ya mama yako. Hilo ndilo sitakusamehe, jicho ningesamehe.

Sasa sikiliza nilichofanya. Barua zako nne nimezitia kwenye bahasha moja, nikampelekea mkuu wa idara yako. Ile ya Juni, ya mkono wako, nimeiweka juu, chini yake ya Februari. Nimeandika mstari mmoja tu: mtu huyu asishike tena uso wa mgonjwa. Nilisita siku mbili, si kwa ajili yako, kwa ajili ya yule muuza samaki. Ulimshika shavu huku unacheka. Je, akija kesho mwanamke mwenye sauti kama yangu?

Bahasha imeondoka jana, kwa posta ya kuwekea saini.

Kuhusu kuja kwako: njoo. Siku saba hazitoshi, umesema mwenyewe ni mwaka. Utakuwa na mwaka.

Ma Geum-rye


Incheon, 9 Agosti 1994

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Hye-ran mwambie atafune wali mkavu asubuhi kabla ya kuinuka, husaidia.

Mkuu aliniita Jumatatu. Alikuwa amezipanga barua mezani kwa tarehe. Akauliza, "Hii hati ni yako?" Nikasema ni yangu. "Na ya Februari?" Nikasema na hiyo. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akasema kwa miaka tisa alikuwa anawaambia watu mimi ndiye mikono mizuri kuliko yote katika jengo lile. Kisha akaniomba ufunguo wa kabati. Wenzangu watatu walikuwa korido wakijifanya wanakunja taulo. Hakuna aliyeniaga, na sikuwalaumu. Wagonjwa wangu wamegawanywa. Muuza samaki alikuwa na zamu saa nne, nilipishana naye ngazini akanishika mkono akasema, "Dada, leo unakwenda wapi mapema?" Nikamwambia nakwenda nyumbani.

Ulifanya haki. Sikuandikii hivyo kwa upole. Ningekuwa mimi nimeipata bahasha ile, ningemfukuza mtu huyo kabla ya mchana.

Chumba nimerudisha. Siji kuomba radhi, nadhani tumeshapita hapo, wala usiniombe. Nakuja kwa sababu najua kila mahali nilipouharibu uso huo, na mwingine itabidi atafute. Nitakushika mara mbili kwa siku. Itauma kidogo ndani ya shavu, na miezi mitatu hutaona tofauti yoyote, utanitukana, nitaendelea. Jicho litafunguka kiasi. Lote halitafunguka kamwe, si kwangu, si kwa mtu yeyote.

Nitafika Ijumaa kwa basi la mchana. Usinipikie.

Yun-ok